Gauni la Buluu

Walimfunga mama jicho la kulia.
La kushoto lilikwishajifunga lenyewe zamani,
taratibu, kama duka lililokosa wateja.
Daktari akasema: wiki nne, asiiname, asipigwe na mwanga,
asipande Kibosho kwenye moshi wa kuni.
Tukakaa Pasua, chumba na sebule,
yeye, mimi, na televisheni ya marehemu baba mdogo
yenye mstari mwekundu ubavuni.

Kitururu wa kibandani alinijazia flashi,
mia tano kila muvi, tamthilia kwa bei ya ujirani.
"Nikupe zilizotafsiriwa?"
Hapana, nikasema. Mtafsiri ninaye.

Juma la kwanza tulikuwa Uturuki.
Jumba lenye ngazi nyingi, na watu wa mle, sijui kwa nini,
hawawezi kugombana wakiwa sakafu moja:
lazima mmoja awe juu, mwingine chini.
Anashuka, mama. Gauni la buluu.
Sasa amesimama. Anamtazama.
"Anamtazama nani?"
Mkwewe.
"Na mkwewe?"
Anatazama dirisha.
"Enhee," akasema, akajiweka sawa kwenye kochi
kama aliyesogezewa kiti kwenye kikao cha ukoo.

Juma la pili, India. Ndugu wawili walipotezana kituo cha treni,
mmoja akawa polisi, mwingine unamjua.
Mama naye alimjua. Dakika ya ishirini alishawapatanisha,
akabaki kuwangoja wao wenyewe wafike.
Siku hiyo nilikuwa na ndizi jikoni;
kila nikirudi mtu mwingine ameshapigwa risasi
nami sikumwona aliyepiga. Nikabuni.
Kwa ubunifu wangu mpishi akafa mara mbili.

Kisha ile ya hapa kwetu, iliyopigwa Arusha, Njiro,
kwenye nyumba ya mtu mwenye geti la umeme.
Mama alininyamazisha katikati ya busu.
"Hiyo si mvua."
Ni mvua, mama, wamelowa chapachapa.
"Ni mpira wa bustani. Mvua hainyeshi mahali pamoja."
Nikatazama vizuri: nyuma yao, lami ilikuwa kavu.

Jumamosi ya tatu nilimdanganya.
Ilikuwa ya Kikorea, hospitali, shuka nyeupe,
mama mtu amelala, bintiye amemshika kidole kimoja tu,
na ile mashine ikachora mstari ulionyooka.
Nikasema: amefumbua macho. Ameomba uji.

Mama alikaa kimya.
Nje mbwa wa jirani walibweka, wakaacha.
"Haikaeli," akasema, "mbona kinanda kinalia?"

Sikujibu. Akanyoosha mkono, akapapasa meza,
akanisogezea leso
kabla mimi mwenyewe sijajua kuwa naihitaji.

Wakamfungua Jumatatu.
Cha kwanza alichosema ni kwamba nimekonda.
Cha pili, jioni: "Irudishe ile ya ngazi."
Akatazama, shingo mbele, kama anayechagua mchele.
"Huyu ndiye mkwe? Mimi nilimfanya mrefu."
Kisha: "Na hili gauni ni la kijani."
Nikaisingizia televisheni, nikausingizia ule mstari mwekundu.
"Mwezi mzima nimemvalisha buluu," akasema,
"sasa nimvue mbele za watu?"

Sikuwahi kujibu. Luku iliisha,
na giza likaja likakaa katikati yetu kwenye kochi.
Simu yangu ilikuwa na chaji ya kuaga tu.
Nikaanza kutafuta viatu nikanunue umeme.

"Kaa chini," akasema mama.
Nikasikia akijiweka sawa.
"Anashuka. Gauni la buluu.
Amesimama ngazi ya tatu.
Mkwewe leo hatazami dirisha."